Nunua Kiberiti Kwanza, Nyumba Baadaye

Dalali atakupeleka kuiona nyumba saa nne asubuhi, siku ya jua kali, kwa njia aliyoichagua yeye. Usimkasirikie, ndiyo kazi yake na anaijua vizuri. Atakwambia ni dakika tano kutoka lami, mwenye nyumba ana shida ya haraka, na jana kuna mteja alikuja na kesho anarudi na hela. Utaoneshwa sebule, jiko, vyumba vya juu, tanki la maji na sehemu ya kuegesha gari. Ukitoka hapo utakuwa umeijua rangi ya ukuta, lakini mtaa hujauona.

Msimamo wangu ni huu: nyumba inatengenezeka, ila mtaa hautengenezeki kwa hela ya mtu mmoja. Bati likivuja utaita fundi. Lakini maji ya mvua yakizoea kupita sebuleni kwako, vibaka wakizoea kichochoro chako, au ndugu watatu wa muuzaji wakija na karatasi ya mahakama, hakuna fundi wa kumwita. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua nyumba ya mjini Dar es Salaam, hasa zile za ghorofa moja zilizoungana ukuta na jirani au kupangwa pamoja ndani ya fensi moja. Baadhi ya maelekezo yatakuchekesha. Yafuate hivyo hivyo.

Anza na kiberiti. Rudi mtaani saa tatu usiku bila dalali, ukiwa na rafiki mmoja. Gari liacheni mbali, mtembee mpaka duka la Mangi, yaani muuza duka wa mtaa, lililo karibu na ile nyumba. Nunua kiberiti, kisha ongeza soda ya chupa na uinywe hapo hapo. Chupa ni ya kurudisha, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza kwa nini umesimama. Sasa una dakika kumi za kutazama.

Tazama dirisha la duka. Nondo peke yake si hoja, maana maduka mengi ya Dar yana nondo. Angalia Mangi anavyouza. Kama pesa inapita kwanza kwenye kijitundu, inahesabiwa, ndipo mkate unatoka, kuna siku mtu alikimbia na mkate, na pengine alikimbia na zaidi ya mkate. Kama trei za mayai ziko nje, mizani iko juu ya kaunta na mlango wa pembeni uko wazi saa tatu usiku, Mangi hana hofu, na Mangi ndiye mtu mwenye pesa taslimu nyingi kuliko wote wanaoonekana pale barabarani. Tazama na wateja. Akija mtoto wa miaka minane aliyetumwa chumvi, akaondoka anaimba, mama yake anakupa taarifa ya ulinzi ambayo hakuna dalali anayeweza kuitunga.

Kisha tafuta daftari la madeni. Mara nyingi liko chini ya kaunta au limening'inizwa kwa kamba, limechakaa pembe. Juu ya ukuta huenda kuna bango la kukopa harusi na kulipa matanga, lakini bango ni la wageni, daftari ni la wenyeji. Mangi anayekopesha unga na sukari anamjua kila anayeishi pale, anajua nani anahama na nani amebaki, na anaamini atalipwa mwisho wa mwezi. Mtaa wenye daftari nene ni mtaa wa watu wanaokaa. Watu wanaokaa ndio wanaomtambua mgeni saa nane usiku.

Ukimaliza soda muulize maswali mawili tu. La kwanza: unafunga saa ngapi? La pili, na hili ndilo la maana: zamani ulikuwa unafunga saa ngapi? Mangi aliyekuwa akifunga saa sita na sasa anafunga saa mbili na nusu amekueleza mtaa unaelekea wapi. Aliyekuwa akifunga saa mbili na sasa anafika saa tano amekueleza pia, na hapo bei anayotaja mwenye nyumba inaanza kuwa na sababu.

Ukirudi mjini, nenda kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho mbali na ile nyumba, tuseme Mwenge au Posta, muulize dereva atakupeleka kwa shilingi ngapi. Uliza mchana, uliza tena saa nne usiku. Bei ikipanda kidogo ni usiku tu. Ikipanda mara mbili, au dereva akisema atakushusha barabarani kwa sababu ndani haingii, muulize kwa nini na usikilize mpaka mwisho. Yule kijana anaingia kila kichochoro akiwa juu ya mali yake yote, pikipiki ambayo pengine bado anadaiwa. Ana ramani ya hatari kichwani ambayo anaisahihisha kila usiku.

Shahidi ninayemheshimu kuliko wote ni mama lishe. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri kufuata samaki Feri au mboga sokoni Ilala, na hela ya mtaji ameifunga kwenye upindo wa kanga. Mtafute, kula chapati zake, mlipe vizuri, kisha muulize: dada, asubuhi unapita njia gani? Usimuulize kama kuna usalama, maana swali hilo lina jibu la adabu, na watu wengi hawapendi kuuchafulia mtaa wao jina mbele ya mgeni. Njia haina adabu. Akikuambia anazunguka mpaka barabara kubwa ingawa kichochoro kinakata katikati, umeshajua habari za kichochoro. Muulize pia muuguzi anayetoka zamu ya usiku, na binti anayerudi kutoka chuo saa mbili usiku. Wanawake wa mtaa wanajua taa ipi inawaka na ipi ni nguzo tu.

Katika kazi hii yote, usidanganywe na urefu wa ukuta. Wanunuzi wengi wanaona ukuta wa mita tatu wenye vipande vya chupa na waya wa umeme juu yake, wanapumua, wanasema hapa patulivu. Ukuta mmoja mrefu ni woga wa mtu mmoja. Kuta thelathini ndefu mfululizo ni barabara isiyo na jicho hata moja, na mtu akikabwa hapo anapiga kelele zinagonga kuta na kurudi. Nenda Magomeni au Ilala jioni uone watu wamekaa barazani, bao linachezwa, mama anasuka mtoto nywele, muuza kahawa anapita na birika lake. Mwizi anayeingia mtaa kama huo lazima asalimie watu kumi kabla hajafika mlangoni. Inaniuma kuona mitaa hiyo inashushwa thamani kwa neno moja tu, uswahilini, na mitaa mitupu inapandishwa kwa sababu ya mageti. Ukiwa na watoto, na ukiwa na mzazi mzee wa kukaa naye, baraza la jirani lina thamani ya fedha. Liweke kwenye hesabu.

Dar es Salaam imewahi kuogopa sana. Mwanzoni mwa 2015 na tena mwaka 2022, makundi ya vijana yaliyoitwa panya road yalitisha watu mpaka wengine wakafunga milango kabla ya magharibi. Kilichofuata katika mitaa mingi ni ulinzi shirikishi: kila kaya inachangia kidogo kwa mwezi, vijana wanaozunguka usiku wanalipwa, na ofisi ya serikali ya mtaa inasimamia. Hapa una kipimo kizuri sana. Waombe majirani wawili wakuoneshe risiti ya mwezi uliopita. Mtaa ambao risiti ipo ni mtaa ambao watu wamekubaliana jambo na wakalitimiza. Mtaa ambao kila mtu anakwambia michango ilikuwepo lakini ikafa, uliza ilikufa kwa nini, na hela ya mwisho ilikwenda kwa nani.

Kama nyumba iko ndani ya fensi yenye mlinzi wake, ongea na mlinzi, na umheshimu. Muulize amefanya kazi hapo muda gani na anakula wapi. Mlinzi wa miaka sita anayeletewa chakula na wakazi atakulinda. Mlinzi wa wiki tatu ambaye hajui majina ya wapangaji amewekwa aonekane tu, na pengine mshahara wake wa mwezi jana haujalipwa.

Sasa soma kuta, maana mtaa wa Dar huandika mambo yake hadharani. NYUMBA HII HAIUZWI, kwa rangi nyeusi au nyekundu na herufi kubwa kuliko mlango, ni tangazo la ugomvi. Ama ndugu mmoja alitaka kuiuza kwa siri, au matapeli walileta mteja wakati wenye nyumba wamesafiri. Ukiliona mara moja, pita. Ukiliona kwenye nyumba nne za barabara moja, elewa kwamba kuna watu eneo hilo wanaofanya biashara ya kuuza nyumba za wengine, na wewe unatembea na hela. ENEO HILI LINA MGOGORO halihitaji maelezo. Onyo la kutokojoa, likiwa na faini ya shilingi elfu hamsini, linakuambia kuna baa au kituo cha daladala karibu na hakuna choo cha umma. Na herufi X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, hata kama imefifia, hata kama imepakwa rangi juu yake, ikwangue kwa kucha. Mwaka 2015, mwezi Desemba, nyumba za bonde la Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa. Mwaka 2017 zikabomolewa nyumba kando ya Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, kwenye hifadhi ya barabara iliyozidi mita 120 kutoka katikati. Watu walikuwa wameishi humo miaka mingi, wengine na umeme na maji ya mamlaka, na bado tingatinga lilipita. Kuwa na mita ya umeme ya LUKU hakuhalalishi kiwanja.

Hapo tumefika kwenye maji, na hapa nitakaa, kwa sababu maji ndiyo yanayowaumiza wanunuzi wengi wa jiji hili.

Nunua nyumba mwezi wa Aprili. Wauzaji wanapenda Agosti na Septemba, wakati vumbi limetulia na kila bonde linaonekana bustani. Wewe subiri masika, vaa mabuti ya mpira, chukua mwavuli, na siku mvua imepiga tangu usiku mpigie dalali umwambie unataka kuiona nyumba sasa hivi. Akisema barabara haipitiki leo, tuje kesho, umeokoa mamilioni kwa gharama ya simu moja. Mkifika, usiingie ndani. Simama nje uangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kila tone lina safari, na nyumba iliyo katikati ya safari hiyo haina raha, iwe imejengwa kwa simenti gani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na baadaye familia kutoka bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Pale Jangwani, Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi mto ulipozidi, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi imeingia maji mara kwa mara. Usidhani mto unashughulika na maskini tu. Mikocheni na Msasani kuna nyumba za mamilioni mengi zilizokaa kwenye ardhi tambarare ambayo maji yake hayana pa kwenda, na masika ikikolea wenye magari ya thamani wanasubiri ndani kama wengine wote. Na sheria ipo: tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira hayo, zimekatazwa ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Chukua futi kamba, pima mwenyewe.

Kama huwezi kusubiri Aprili, nyumba yenyewe itakusimulia. Tazama soketi za umeme ghorofa ya chini. Zikiwa zimepandishwa karibu na usawa wa kifua, jua kuna fundi aliyeambiwa azipandishe, na aliyemwambia alikuwa na sababu. Tazama kizingiti cha mlango wa mbele, kama kina tofali mbili zilizoongezwa ambazo hazilingani na jengo. Tazama rangi: ukuta uliopakwa upya kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na juu yake rangi ya zamani, unaficha mstari wa matope. Vuta kabati la jikoni mbele kidogo, maana hakuna mtu anayepaka rangi nyuma ya kabati. Pita kidole kwenye plasta karibu na sakafu. Ikitoka unga mweupe, chumvi inapanda kutoka chini na ukuta huo utakula rangi yako kila mwaka. Ukitoka nje, angalia viroba vya mchanga vilivyopangwa kando ya geti la jirani. Jirani hauzi nyumba, kwa hiyo hana haja ya kuvificha.

Kuna maji mengine ambayo dalali hatayataja kamwe. Kaya nyingi za jiji hili zinatumia mashimo, hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka, na kulivuta shimo kwa gari ni gharama. Kwa hiyo mvua kubwa ikishuka, wapo wanaofungulia vyoo vyao vikatiririke na maji ya mvua barabarani. Wenyewe wanaita kutapisha. Mtaa unaotapisha utaujua kwa pua nusu saa baada ya mvua kuanza, na utaujua kwa macho kwa watoto wanaocheza kwenye yale maji. Ni hatari kubwa, kipindupindu kimelitesa jiji hili mara nyingi, na ninakusihi usinunue nyumba iliyo chini ya mteremko wa mtaa wa namna hiyo kwa bei yoyote. Kwenye nyumba zilizoungana, uliza chemba iko wapi, ni ya nani, inavutwa mara ngapi na nani analipa. Mwombe mlinzi aifunue. Muuzaji akikataa chemba isifunuliwe, funga mazungumzo.

Maji ya bomba nayo yana mtihani wake. Muuzaji atakukaribisha soda. Mshukuru, kisha omba kunawa mikono, na uombe sabuni ya kipande. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida maeneo ya karibu na bahari, utasugua sabuni na povu halitatokea, utabaki na utando mweupe unaonata vidoleni. Maji hayo yataozesha mabomba yako, yataua pampu, na chai yako itakuwa na ladha usiyoizoea. Uliza maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanatoka siku gani na saa ngapi, muulize jirani, siyo muuzaji. Hesabu matanki juu ya mapaa. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua sehemu kubwa ya jiji iliingia kwenye mgao, na tofauti ya mtaa na mtaa ilionekana wazi: kuna waliopata maji siku zilizopangwa, na kuna waliosikia bomba likipuliza hewa. Nenda kaulize mtaa huu ulikuwa kundi gani.

Kelele nitazipitia haraka. Nenda Ijumaa usiku, nenda Jumamosi, nenda Jumapili asubuhi. Baa, spika za ibada, karakana ya kuchomelea mageti, shule ya chekechea: kila kimoja kina saa zake, na wewe una masikio yako. Turubai la msiba au la harusi likifunga barabara, usilihesabu kama kasoro. Siku moja litafungwa kwa ajili yako.

Tuje kwenye thamani. Mwenye nyumba anataja bei aliyoisikia kwa mwenzake, ambaye naye nyumba yake haijauzwa bado. Achana na bei za kuuzia, ulizia kodi, kwa sababu kodi inalipwa kweli na bei ya kuuzia mara nyingi ni ndoto. Tuseme nyumba inatajwa shilingi milioni 360, na nyumba kama hiyo barabara hiyo hiyo inapangishwa milioni 1.5 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 18, na milioni 360 ni kodi ya miaka 20. Rudia hesabu hiyo mitaa mitatu. Utakapokuta mtaa ambao bei ni kodi ya miaka 35, muuzaji anakuuzia sifa, na sifa huilipii wewe tu, utahitaji mtu mwingine aje kuilipia siku utakapouza. Uliza pia wenye nyumba wanataka kodi ya muda gani. Mahali ambapo wanadai miezi sita au mwaka mzima mbele na wapangaji wanalipa, nyumba zinahitajika kweli. Walipoanza kukubali mwezi kwa mwezi, na vibao vya INAPANGISHWA vimepauka kwa jua, una nguvu ya kushusha bei.

Angalia jirani anajenga nini. Upanga na Kariakoo nyumba za ghorofa moja zinaondoka na majengo marefu yanapanda, na ukuta wako unaweza kujikuta pembeni ya shimo la msingi wa mtu. Mwezi Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la ghorofa likaanguka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa madukani. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukaulize kiwanja cha pembeni kimeruhusiwa ghorofa ngapi, kisha nenda kahesabu zilizojengwa.

Karatasi sasa, na hapa usitoe hata hela ya kishika uchumba kabla hujamaliza. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mtu muhimu, anawajua wauzaji na anajua migogoro, mtembelee mapema. Lakini muhuri wake ni ushahidi wa mauziano, hauhamishi umiliki. Peleka namba ya hati kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi, uone jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote. Angalia mwaka hati ilipotolewa na muda wake. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati hutolewa kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inaisha 2028, na mwenye nyumba anayeuza haraka huenda amepiga hesabu hiyo kabla yako. Omba risiti za pango la ardhi. Kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa kupitia LUKU, lakini pango la ardhi linaweza kuwa deni la miaka kumi limelala kimya.

Nyumba iliyo ndani ya fensi moja na nyingine ina swali la ziada: hati ni ya kiwanja kizima au ya sehemu yako? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila mwenye sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Ukiambiwa hati za kila nyumba zinashughulikiwa, subiri mpaka zitoke, kisha ununue. Hamna hasara katika kusubiri, na waliolipa kabla wamejikuta ni wadai kwenye kiwanja kilichowekwa rehani.

Mtafute na mke wa muuzaji, au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo iwe kwa maandishi, mbele ya wakili, mwenyewe akiwa amekaa pale. Nyumba ya urithi, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa anayeshika funguo hajateuliwa na mtu. Hata ukiwa na msimamizi, kaa na warithi wote chumba kimoja, kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba anajua nyumba inauzwa na anajua bei. Kikao hicho kitakuchosha, kuna shangazi atalia, kuna mdogo wa mwisho atataka kujua kwa nini bei ni ndogo. Kaa mpaka kiishe. Ni afadhali wagombane mbele yako sasa kuliko mlangoni kwako baadaye.

Ukiridhika na yote, kaa na wakili wako mwandike mkataba unaosema nani analipa ushuru wa stempu na nani analipa kodi ya faida ya mauzo, hela ipite benki, na dalali alipwe uhamisho ukishaanza kusajiliwa. Kisha, kabla hujahamisha hata kiti, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajiandikishe, jitambulishe kwa nyumba za kulia, kushoto na mbele, na ulipe mwezi wako wa kwanza wa ulinzi shirikishi. Dai risiti.